Maziwa ya kulalia: jinsi ya kujua kama mwanao bado anayahitaji

Kwenye benchi la kliniki swali hili huja kwa sura nyingi. Mmoja ana mtoto wa mwaka na miezi miwili asiyefumba macho bila chupa. Mwingine wa kwake ana miaka mitatu, anakula ugali na dagaa vizuri tu, lakini ikifika saa 2 usiku anadai nyonyo yake. Wa tatu alishaamua kuacha, ila mama mkwe kamwambia mtoto atalala na njaa. Wote wanauliza jambo moja: nimpe au nisimpe?

Swali hili usiliamulie usiku. Usiku kila mtu kachoka, mtoto analia, majirani wanasikia, na chupa iko pale pale mezani. Liamulie mchana, kwa kuangalia alichokula tangu asubuhi. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, anayekula vizuri na kukua vizuri, hayahitaji maziwa ya kulalia kama chakula. Anaweza kuyapenda, na wewe unaweza kuendelea kumpa, ila hapo unampa kwa sababu nyingine, na ni vizuri uijue.

Anza na umri na hali yake

Chini ya miezi 6 hakuna mjadala: maziwa ndiyo chakula pekee, mchana na usiku. Kati ya miezi 6 na 12 mtoto ameshaanza kula, lakini maziwa ya mama, au ya kopo kwa asiyenyonya, bado yanabeba sehemu kubwa ya lishe yake, na wengi bado huamka usiku kunyonya. Usimnyime. Na kama anatumia ya kopo, usiyazimue kuliko maelekezo yanavyosema ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto atajaa tumbo na njaa yake itabaki pale pale.

Baada ya mwaka 1 ndipo unaweza kuanza kujiuliza. Hata hivyo wapo watoto ambao hupaswi kuwabadilishia chochote kabla ya kuongea na mhudumu wao: aliyezaliwa njiti na bado anafuatiliwa, aliye kwenye matibabu ya utapiamlo, mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, na anayenyonya kwa mama anayeishi na VVU, kwa sababu kunyonya na kuacha kwake kunapangwa na kliniki.

Tena tusichanganye mambo mawili. Kuacha chupa ya kulalia si kuachisha ziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye hadi miaka 2 na zaidi, kwa hiyo mwenye mwaka na nusu anayenyonya kidogo kabla ya kulala hajafanya kosa lolote. Kwake la kuangalia ni meno yake na usingizi wako. Shubiri na pilipili za kupaka kwenye chuchu ziache huko huko zilikotoka.

Chukua daftari, andika kwa siku tatu

Andika kila kinachoingia mdomoni, na kiasi chake. Kama mtoto anashinda na dada wa kazi, mpe dada daftari na umwambie huna nia ya kumkagua, unataka kujua mtoto anakula nini. Usipomwambia hivyo, daftari litajaa vyakula ambavyo havikuliwa.

Maziwa yapime kwa mililita, si kwa "chupa". Chupa kubwa nyingi hubeba ml 240 au 250. Moja asubuhi, moja baada ya usingizi wa mchana, moja ya kulalia: hapo umeshapita ml 700, na bado hujahesabu chai ya maziwa aliyokunywa kwa bibi wala kile kikombe cha mtindi.

Ni kiasi gani kinatosha? Uingereza huwaambia wazazi kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anatosheka na ml 350 hivi kwa siku. Marekani wanafika vikombe viwili hadi vitatu kwa mtoto wa mwaka wa pili. Kwa mtoto anayekula chakula cha nyumbani mimi ningekaa kati ya ml 350 na 500, mtindi ukiwemo.

Sababu ya kuweka mpaka ni madini ya chuma. Mtoto wa umri huu anahitaji mg 7 hivi za chuma kwa siku, wakati lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haifikishi hata mg 1. Tena kalsiamu ya kwenye maziwa hupunguza ufyonzwaji wa chuma kilichotoka kwenye chakula kingine. Ndiyo maana unamkuta mtoto mnene, mashavu yamejaa, anakunywa lita kwa siku, na viganja vyake ni vyeupe. Ana upungufu wa damu. Ukimwona anaokota udongo au mkaa na kula, mpeleke akapimwe damu kabla hujamchapa kofi la mkono.

Jambo jingine la kuandika ni uji wa kwenye chupa. Nyumba nyingi huikata chuchu ya chupa kwa wembe ili uji upite, mtoto anywe haraka alale. Huo ni mlo kamili uliopewa sura ya kinywaji, mara nyingi ukiwa na sukari vijiko viwili. Uandike kama mlo. Halafu uhamishie kwenye bakuli na kijiko, kwa sababu mtoto asiyetafuna mapema anakuja kusumbua kula akiwa mkubwa.

Angalia chakula cha jioni kinaiva saa ngapi

Mara nyingi jibu linapatikana hapa, na wengi hawapaangalii.

Mjini baba anarudi saa 2 usiku, mama naye alikwama kwenye foleni, wali unaiva saa 3. Mtoto wa miaka miwili haingoji saa 3. Saa 1 anaanza kusinzia na kulialia, anapewa chupa atulie, analala. Chakula kikiiva, yeye yuko ndotoni. Maziwa yake hayakuwa ya kulalia, yalikuwa chakula chake cha jioni, na mlo wake wa mwisho wa kutafuna ulikuwa wa saa 7 mchana. Mtoto kama huyo ukimwondolea chupa leo, atalala na njaa kweli, na mama mkwe atakuwa na haki ya kusema.

Kwa hiyo kabla ya kugusa maziwa, sogeza chakula. Wakati wa kupika mchana, tenga chake kwenye kibakuli chenye mfuniko: ugali au wali kidogo, maharage au samaki aliyetolewa miiba, mboga iliyokatwakatwa. Kama hakuna friji, chakula kilichopikwa mchana, hasa chenye nazi, hakikai vizuri mpaka jioni kwa joto la pwani. Hapo ni afadhali kupika kitu chepesi saa 11 jioni, viazi vilivyopondwa na yai, au ndizi za kuchemsha na dagaa waliosagwa. Mpe saa 12 jioni, pasha moto vizuri mpaka kitoe mvuke kisha kipoe. Familia ikila saa 3 na yeye bado yuko macho, akae nanyi adokoe, lakini tumbo lake limeshapata chake.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anatakiwa kula milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na kitu kidogo katikati mara moja au mbili. Tumbo lake ni dogo na linajaa haraka. Chupa ya saa 11 jioni inatosha kabisa kuua hamu ya chakula cha saa 12, halafu tunasema mtoto hapendi kula.

Ukishasogeza chakula, kaa na utaratibu huo wiki nzima kabla ya kuamua lolote. Wapo watakaoacha kumaliza chupa wenyewe, na kazi yako itakuwa imeisha.

Jaribu ndizi

Baada ya wiki hiyo, siku anayodai maziwa wakati wa kulala, mwambie: "Una njaa? Kuna ndizi." Ndizi mbivu, au chakula kile kile cha jioni kilichobaki. Akiila, alikuwa na njaa, na dawa ni kuongeza chakula cha jioni. Akiisukuma na kuendelea kulilia chupa, anataka chupa. Mwenye njaa hachagui sana.

Kipimo cha pili kiko asubuhi. Mtoto aliyekunywa ml 240 saa 2 usiku na nyingine saa 8 usiku akiamka saa 1 asubuhi hataki kitu mpaka saa 4. Hapo maziwa ya usiku yamekula nafasi ya uji wa asubuhi. Lakini kama anaamka na kudai chakula kabla hujawasha jiko, na jioni huwa anakula kidogo, usiwe na haraka ya kumpunguzia.

Mtazame akinyonya

Zima simu, kaa pembeni ya kitanda usiku mmoja, sikiliza. Anayekunywa kwa njaa utamsikia anameza: anavuta, anameza, anavuta, anameza, macho yako wazi, na chupa inashuka. Anayetafuta usingizi anavuta mara mbili tatu, anatulia, taya linatetemeka kidogo bila kumeza, macho yanafumba. Ukiichomoa chupa anashtuka na kuvuta tena, ingawa maziwa yaliyoondoka hayafiki ml 50. Huyo ameifanya chupa kuwa mlango wa usingizi.

Na shida ya mlango huo ni kwamba unahitajika tena. Binadamu wote tunakaribia kuamka mara kadhaa usiku, tunageuka, tunalala tena bila kukumbuka. Mtoto aliyezoea kusinzia na chuchu mdomoni akifika kwenye usingizi mwepesi saa 7 anaikosa, anaamka kabisa, analia. Wewe unadhani ana njaa, unampa, naye analala. Kesho hivyo hivyo.

Inua mdomo wa juu

Mchana, mahali penye mwanga, mlaze mapajani kwako na uinue mdomo wake wa juu kwa kidole. Angalia meno ya mbele ya juu, pale yanapokutana na fizi. Mstari mweupe kama chokaa ni dalili ya kwanza kwamba jino linaanza kuliwa. Ukigeuka kahawia, limeshatoboka au liko njiani. Meno ya mbele ya chini huwa salama zaidi kwa sababu ulimi unayafunika na mate yanayaosha.

Maziwa yana sukari yake ya asili hata usipoongeza kijiko. Bakteria wa mdomoni huigeuza kuwa asidi, na mate yanayosafisha hupungua sana mtu akilala. Kwa hiyo maziwa yaliyobaki mdomoni usiku yanaumiza meno kuliko yale yale yakinywewa mchana. Kunyonya ziwa mara nyingi usiku, baada ya mwaka wa kwanza na bila kusafisha meno, nako kunachangia.

Ukiuona huo mstari, usisubiri hatua nyingine za mwongozo huu: chupa kitandani iishe sasa hivi, na mtoto aonwe na daktari wa meno. Msemo wa "ni ya utoto, yatang'oka tu" hausaidii, maana meno ya mbele yanakaa mpaka miaka 6 au 7, na jino bovu linauma kwa mtoto kama linavyouma kwako.

Soma kadi

Toa kadi ya kliniki. Hutafuti mtoto mnene, unatafuta mstari wake wa uzito kama unapanda sambamba na mistari iliyochapwa. Ukilala kwa mahudhurio mawili mfululizo, au ukishuka, mpeleke kwanza kliniki. Akipimwa mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi, kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea. Njano na nyekundu si wakati wa kumwondolea chakula cha aina yoyote.

Sasa amua

Kama chakula cha jioni ni cha kubahatisha, mstari wa kadi umelala au ametoka kuumwa, mwache na maziwa yake. Yahamishie tu kwenye kikombe, ayanywe amekaa, kabla ya mswaki. Yawe maziwa kweli: ya ng'ombe au mbuzi yaliyochemka vizuri, au ya paketi, yasiyoondolewa mafuta kwa aliye chini ya miaka 2. Maziwa matamu mazito ya kopo dogo, yale ya kuweka kwenye chai, si ya kumlisha mtoto. Na yale makopo ya bei yenye picha ya mtoto wa "mwaka 1 hadi 3" unaweza kuyapita dukani bila kugeuka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 haiyapendekezi. Hela hiyo inanunua mayai mengi.

Kama anakula vizuri, anakua vizuri na maziwa ya mchana yanatosha, hayahitaji. Akiyapenda na wewe huoni shida, kikombe cha ml 120 hadi 150 nusu saa kabla ya kulala hakimdhuru, mradi mswaki uje baada yake. Mimi ningekiacha hicho kikombe. Ni saa nzuri ya kukaa naye mapajani baada ya siku nzima ya kutoonana.

Kinachopaswa kuondoka ni chupa ya kitandani na maziwa ya katikati ya usiku. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataka chupa iwe imekwisha kati ya miezi 12 na 18. Ukiwa umechelewa, bado inawezekana, itakuchukua kelele zaidi kidogo.

Namna ya kuiondoa

1. Chagua wiki tulivu. Isiwe wiki ya homa, ya kuota meno, ya safari, ya dada mpya au ya mdogo wake kuzaliwa.

2. Anza na kikombe mchana. Kikombe cha kawaida kidogo kinafaa kabisa, na ni rahisi kuosha kuliko chupa. Atamwaga. Weka kitambaa.

3. Toa maziwa chumbani. Yanywewe sebuleni au jikoni, taa ikiwa inawaka, amekaa. Mtoto akilala chali na kunyonya, maziwa huweza kuelekea kwenye mirija ya masikio, na maambukizi ya sikio hupenda hapo.

4. Mswaki kila siku baada ya maziwa. Dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, kama punje ya njegere akishafika miaka 3. Baada ya mswaki ni maji tu.

5. Weka kitu kingine mahali pa chupa: kumwogesha, kumpaka mafuta, kumwimbia, kumpapasa mgongo chini ya neti. Kiwe kile kile kila siku, kwa mpangilio ule ule, na afike kitandani akiwa anasinzia lakini hajalala.

6. Ya usiku wa manane yapunguze kidogo kidogo. Kama ni ml 240, punguza ml 30 kila baada ya usiku mbili. Ikifika ml 60 acha kabisa, mpe maji kwenye kikombe. Mtoto aliyepita mwaka na anakula vizuri hadhuriki na upunguzaji huu.

Usiku wa kwanza na wa pili bila chupa huwa mgumu. Kaa naye. Humpi chupa, lakini humwachi peke yake gizani ajililie mpaka achoke. "Maziwa yamelala, tutakunywa asubuhi," mkono mgongoni, sauti ya chini, mara kumi ikibidi. Mwenye miaka mitatu anaelewa zaidi ya unavyodhani. Huyo mwambie mchana, mwonyeshe chupa zinawekwa kwenye mfuko, na zisionekane tena kabatini.

Nyumba nzima iwe na jibu moja

Mpango mzuri huvunjika kwa mtu mmoja tu anayemwonea mtoto huruma saa 8 usiku. Dada atakuuliza, "Mama Junior, akilia usiku nimpe nini?" Mjibu wazi: maji, na uniamshe. Asibaki na maamuzi ambayo si yake.

Kwa bibi usiende na habari za asidi na bakteria. Mwambie alichokula. "Mama, saa 12 kala wali na maharage, na yai zima. Maziwa kanywa kikombe sasa hivi." Bibi wengi wakishasikia mtoto ameshiba hawana neno tena, hofu yao ilikuwa njaa. Akienda likizo kwake na kurudi ameshazoeshwa chupa, anza tena hatua ya tatu. Safari hii huchukua siku chache.

Akiumwa katikati ya zoezi, simamisha. Mtoto mwenye homa au anayeharisha apewe anachoweza kunywa, na anayenyonya anyonyeshwe zaidi, usiku kucha ikibidi. Chakula kikirudi, mpe siku kadhaa za kula vizuri kabla ya kuendelea. Na kama anakunywa maji mengi kupita kawaida, anakojoa sana na anakonda, au anaamka usiku akikoroma na kukosa pumzi, acha habari ya maziwa na umpeleke hospitali.